Pikapu mpya yaweza kula faida kabla ya marejesho ya benki

Na Mwandishi Wetu

Mfanyabiashara anayenunua pikapu mpya hutarajia mambo mawili: kuagana na gereji na kupunguza gharama za mafuta. La kwanza mara nyingi hulipata. La pili huwa mtihani. Baada ya wiki chache hugundua kwamba gari lililoandikwa kwenye katalogi kuwa linatumia lita 8 kwa kilomita 100, barabarani linakunywa lita 11 au 12, na hapo ndipo lawama huanza kumwangukia dereva, fundi au muuzaji.

Suala hili si la kero tu, ni la mtaji. Tuchukue mfano wa mfanyabiashara aliyekopa ili anunue pikapu ya kupeleka bidhaa za madukani kutoka Kariakoo hadi Morogoro na kurudi na mboga. Safari nzima, kwenda na kurudi, ni kilomita zipatazo 400. Tuseme kila safari inampatia nauli ya mizigo Sh. 220,000, anafanya safari 12 kwa mwezi, na marejesho ya mkopo ni Sh. 1,000,000 kila mwezi. Kwa wepesi wa hesabu, bei ya lita tuifanye Sh. 3,000.

Kwa takwimu ya katalogi, safari moja itatumia lita 32, yaani Sh. 96,000. Kinachobaki ni Sh. 124,000, na kwa mwezi Sh. 1,488,000. Akishalipa benki anabakiwa na Sh. 488,000 za kumlipa dereva, kufanya matengenezo na kupata faida. Lakini gari likitumia lita 12 kwa kilomita 100, safari hiyo hiyo inahitaji lita 48, sawa na Sh. 144,000. Kinachobaki kwa mwezi ni Sh. 912,000. Hapo marejesho yamepungukiwa Sh. 88,000, na dereva bado hajalipwa. Tofauti ya lita nne tu imegeuza mradi wa faida kuwa deni.

Je, katalogi imedanganya? Mara nyingi hapana. Takwimu zile hupatikana maabara, gari likiwa limefungwa kwenye mashine yenye magurudumu yanayozunguka, kiyoyozi kimezimwa, mzigo ni kidogo na hakuna foleni wala mlima. Kipimo cha zamani cha Ulaya kijulikanacho kama NEDC kilichukua dakika 20 hivi kwa umbali wa kilomita 11, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 34 kwa saa. Kipimo kipya cha WLTP, kilichoanza kutumika huko mwaka 2017, ni kirefu na kikali zaidi, lakini nacho ni cha maabara.

Pengo hilo linafahamika hata kwa wenye viwanda. Utafiti wa taasisi ya ICCT ulionyesha kwamba kufikia mwaka 2015 magari madogo mapya barani Ulaya yalikuwa yakitumia mafuta zaidi ya yaliyotangazwa kwa asilimia ipatayo 40. Wapo pia waliochezea vipimo. Mwaka 2016 kampuni ya Mitsubishi ya Japani ilikiri kwamba takwimu za mafuta za magari madogo 625,000, yakiwemo iliyoyatengenezea Nissan, hazikupimwa ipasavyo.

Aidha, mnunuzi anapaswa kuangalia vizio. Katalogi ya Uingereza na ya Marekani zote huandika maili kwa galoni, lakini galoni ya Uingereza ni lita 4.55 na ya Marekani ni lita 3.79. Kwa hiyo maili 30 kwa galoni ni takriban kilomita 10.6 kwa lita kwa kipimo cha Uingereza, na kilomita 12.7 kwa kipimo cha Marekani. Asiyeuliza hupotea hapo hapo.

Kwa upande mwingine, zipo sababu ambazo mwenye gari anaweza kuzirekebisha. Injini mpya huhitaji muda wa kulainika. Mamlaka za Marekani zinaeleza kuwa gari hufikia ubora wake wa matumizi ya mafuta baada ya kutembea kilomita kati ya 5,000 na 8,000. Mwendo wa zaidi ya kilomita 80 kwa saa huongeza mafuta haraka, hasa mzigo unapozidi urefu wa paa na kukinga upepo. Upepo mdogo katika matairi, kuacha injini ikiunguruma wakati wa kupakia, na kusahau gari katika hali ya magurudumu manne kwenye lami, vyote hulipwa kituo cha mafuta.

Kabla ya kumtuhumu dereva kwa kunyonya mafuta, mwenye gari apime mwenyewe. Ajaze tangi hadi pampu ikate, aandike kilomita zilizo kwenye dashibodi, afanye safari yake ya kawaida na mzigo wake wa kawaida, kisha ajaze tena kwenye pampu ile ile. Lita zilizoingia azigawanye kwa kilomita alizotembea, azidishe kwa 100. Arudie mara tatu na kuchukua wastani. Akipata 12 mara zote tatu, hiyo ndiyo takwimu ya biashara yake.

Kwa anayekusudia kununua, ushauri ni kufanya kazi hiyo kabla ya kusaini. Amwombe muuzaji gari la majaribio kwa safari ndefu yenye mzigo, au amtafute mtu mwenye gari la aina hiyo hiyo anayefanya biashara kama yake. Ikishindikana, aongeze theluthi moja hadi nusu juu ya takwimu ya katalogi, kisha aone kama mkopo bado unalipika. Muuzaji akisisitiza kiwango fulani, kiandikwe kwenye mkataba, kwani Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na maandishi ni ushahidi bora kuliko maneno.

Mwisho, EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, kwa kawaida Jumatano ya kwanza. Nauli ya mizigo iliyopangwa mwanzoni mwa mwaka na kusahauliwa haiwezi kuhimili mabadiliko hayo. Mwenye pikapu apige hesabu yake upya kila bei mpya inapotoka, kwa lita anazotumia kweli. Benki itakapodai, haitauliza katalogi ilisema nini.