Tusimhukumu mzee kwa maradhi ya ubongo

Penye wazee, walisema wahenga, haliharibiki neno. Je, neno likimharibikia mzee mwenyewe, nani atalitengeneza?

Katika mtaa wetu wa Lavington aliishi mwalimu mstaafu wa hesabu. Kila asubuhi alitembea hadi Valley Arcade kununua gazeti. Siku moja nilimkuta amesimama kando ya Barabara ya Gitanga, gazeti kwapani, hajui aelekee wapi. "Mwanangu," aliniambia, "nyumba yangu wameihamisha." Nilimshika mkono nikamfikisha kwake. Jamaa zake walikuwa wamekwisha kutoa hukumu: mmoja alisema ni uzee tu; mwingine, msomi mwenye shahada, akanong'ona kwamba mzee amerogwa.

Minong'ono ya namna hiyo si mzaha. Mnamo Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, wanawake wakongwe wanne waliuawa na umati uliowashuku kuwa wachawi. Sidai kwamba walikuwa wagonjwa. Nisemalo ni kwamba mzee asahauye jina la mwanawe na kutangatanga usiku ni mwepesi wa kushukiwa mahali ambapo watu hawayajui maradhi ya ubongo.

Maradhi hayo yana makao yake. Ndani ya ubongo mna sehemu nyeupe, iliyosheheni nyuzi za neva zinazopeleka habari kutoka pembe moja hadi nyingine. Nyingi ya nyuzi hizo zimevikwa ala yenye mafuta. Maji yaliyomo humo hayatulii. Molekuli zake husambaa daima. Mwanafunzi na afikirie tita la mirija: maji huenda kwa urahisi yakifuata urefu wa mirija, lakini hupata taabu kuzipenya kuta zake. Nyuzi zikichakaa na ala zikibanduka, maji husambaa ovyo pande zote.

Mashine ya MRI, itumiayo sumaku yenye nguvu wala si eksirei, yaweza kuupima mwendo huo. Mfaransa Denis Le Bihan alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa njia hii katika miaka ya 1980, na mwaka 1994 Peter Basser na wenzake wakaeleza hesabu ya kutambua maji yaelekea upande gani. Matokeo hutolewa kwa kipimo cha kati ya 0 na 1. Kikikaribia 1, maji yafuata njia moja. Kikikaribia 0, yaenda kokote. Katika ugonjwa wa Alzheimer kipimo hicho hushuka, hasa kwenye nyuzi ziunganishazo maskani ya kumbukumbu na sehemu nyingine za ubongo.

Hata hivyo, tusiifanye mashine kuwa mganga mpya. Mahali nyuzi zinapopishana, kipimo hushuka hata pasipo ugonjwa, na tofauti zionekanazo katika kundi la wagonjwa hazitoshi peke yake kumwamulia mtu mmoja. Daktari hana budi kumpima mgonjwa na kuwahoji jamaa zake.

Tena, mashine haimfikii mtu ambaye hakuna aliyemtambua. Utafiti wa ugonjwa wa Parkinson uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008, uligundua kwamba wengi wa wagonjwa hawakuwa wametambuliwa kamwe. Walionekana wakitetemeka kila siku, lakini maradhi yao hayakuwa na jina.

Hapa ndipo zamu yenu, walimu, inapoanza. Mfundishapo neva katika somo la Biolojia, msiishie kwenye mchoro wa ubaoni. Mwambieni mwanafunzi kwamba nyuzi hizo huweza kuharibika katika kichwa cha babu yake, na kwamba kuharibika huko si laana wala uchawi.

Jirani yangu hatimaye alipelekwa kwa daktari. Hakupona, kwani maradhi yake hayana tiba ya kuyaondoa. Lakini tangu siku hiyo minong'ono ilikoma, na yule msomi mwenye shahada akawa ndiye anayemshika mkono kwenda kununua gazeti.