Diwali Bila Samli: Wajaini, Maziwa na Mithai za Sikukuu

Dini ya Ujaini, ambayo ilikwisha kukomaa katika bonde la mto Ganga kaskazini mwa India zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, ina msingi wake katika neno moja la Kisanskriti, ahimsa, yaani kutomdhuru kiumbe yeyote mwenye uhai, na ni dini chache mno zilizolifikisha neno la namna hiyo hadi ndani ya chungu. Mjaini anayeshika mafundisho hali nyama, samaki wala mayai. Hagusi asali, kwa kuwa nyuki hufa katika kurina. Hali viazi, vitunguu, vitunguu saumu wala karoti, kwa sababu kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima pamoja na vijiumbe visivyohesabika vinavyoaminika kuishi ndani yake. Na wengi hawatii kitu kinywani baada ya jua kuchwa, wasije wakameza mdudu gizani. Hata hivyo, meza hiyo hiyo yenye masharti mengi hujaa, ifikapo sikukuu, vitamu vilivyopikwa kwa maziwa, mtindi na samli, na kwa karne nyingi ni wachache walioona kasoro. Leo kasoro hiyo inajadiliwa waziwazi, kuanzia Ahmedabad hadi London, na wanaoijadili si wageni bali ni Wajaini wenyewe.

Uvegani ni mwenendo wa kuacha kila kitokacho kwa mnyama, yaani si nyama peke yake bali pia maziwa, siagi, mayai, asali, ngozi na hariri. Jina lake la Kiingereza lilibuniwa mwaka 1944 na Mwingereza Donald Watson, aliyekuwa akiishi mjini Leicester, alipoona kwamba wala mboga wa kawaida, wanaokunywa maziwa bila wasiwasi, wamefika nusu tu ya njia. Kwa bahati isiyopangwa na mtu, ni katika mji huo huo ambamo jumuiya ya Wajaini, ambayo wengi wake walikuwa wametoka Kenya na Uganda, ilifungua mwaka 1988 hekalu lake ndani ya lililokuwa kanisa, likiwa na nguzo za marumaru zilizonakshiwa kwa mikono. Jambo hili linafaa kukumbukwa na anayedhani kwamba uvegani wa Wajaini ni mtindo ulioazimwa Ulaya, kwani ujirani huo wa Leicester ni sadfa tu, na hoja wanazozitoa Wajaini ni kongwe kuliko jina la Watson kwa karne nyingi.

Sikukuu inayolibeba swali hili kwa uzito zaidi ni Diwali, ambayo huangukia usiku wa giza wa mwezi wa Kartik, kati ya Oktoba na Novemba. Wahindu walio wengi huiadhimisha kwa kumbukumbu ya kurejea kwa mungu Rama, lakini kwa Wajaini huo ndio usiku ambao Mahavira, mwalimu wao wa 24 na wa mwisho katika msururu wa wale wanaoitwa Tirthankara, alifariki na kupata ukombozi wa milele huko Pavapuri, katika jimbo la Bihar la leo, mwaka 527 kabla ya Kristo kwa hesabu ya mapokeo yao. Wadigambara, tawi ambalo watawa wake wa kiume hawavai nguo kabisa, huenda hekaluni alfajiri na kutoa sadaka ya ladu, lile donge tamu la mviringo ambalo wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki wanalijua kwa jina hilo hilo. Washvetambara, ambao watawa wao huvaa nguo nyeupe, hukesha wengine wakifunga kwa siku mbili. Baada ya hapo unafuata mwaka mpya wa Kigujarati, na ndipo sahani za mithai, jina la jumla la vitamu vya Kihindi, zinapoanza kutembea kutoka nyumba hadi nyumba.

Maziwa yalihalalishwa zamani kwa sababu inayoeleweka: ng'ombe hafi anapokamwa, ndama alinyonya kwanza, na mnyama mzee alitunzwa nyumbani au alipelekwa panjrapole, yaani makazi ya wanyama wasio na kazi tena, ambayo Wajaini wa Gujarat na Rajasthan wameyagharimia kwa karne kadhaa. Sheria hiyo haijabadilika. Kilichobadilika ni zizi. Gujarat, iliyo kitovu cha Ujaini, ndiyo pia iliyozaa ushirika mkubwa wa maziwa wa Anand mwaka 1946, na kuanzia mwaka 1970 mpango wa taifa ulioongozwa na Verghese Kurien ulieneza mfano huo nchini kote, hadi India ikawa mzalishaji wa kwanza wa maziwa duniani, ikitoa sasa zaidi ya tani milioni 200 kwa mwaka. Mafanikio hayo yaliwainua wakulima wadogo wengi mno, na haitakuwa haki kuyabeza. Lakini maziwa mengi kiasi hicho yanataka ng'ombe na nyati wa kufugwa wanaopewa mimba kila mara kwa njia ya uhimilishaji, ndama dume ambao hawana kazi shambani tangu trekta lilipoingia, na jike ambaye angeweza kuishi miaka 20 lakini huondolewa zizini mapema, mara maziwa yanapopungua. Kuchinja ng'ombe kumepigwa marufuku katika majimbo mengi ya India, lakini nyati hana kinga hiyo, na ndiyo maana nchi inayosifika kwa kula mboga imo pia miongoni mwa wauzaji wakubwa wa nyama ya nyati ulimwenguni.

Hapo ndipo mafundisho ya kale yanapouma. Vitabu vya Kijaini vinaeleza kwamba dhara hutendwa kwa njia tatu: kulitenda mwenyewe, kumtendesha mwingine, na kuliridhia linapotendwa, na kila njia huweza kupitia katika fikra, kauli au mwili. Kwa kipimo hicho, mnunuzi wa pakiti ya maziwa hawezi kujitetea kwamba hakushika kisu, kwa maana fedha yake imemwajiri aliyekishika. Hoja hiyo ndiyo iliyomgeuza Pravin Shah, mwalimu wa Kijaini anayeishi Marekani, baada ya kuzuru shamba la ng'ombe wa maziwa katika jimbo la Vermont mwaka 1995, na maandishi yake tangu wakati huo yamesomwa sana katika jumuiya za Wajaini wa Amerika Kaskazini. Wapinzani wake hujibu kwamba Mahavira hakuyaharamisha maziwa, jambo ambalo ni kweli. Ila Mahavira hakuyajua mashamba ya aina ile, na hoja ya ukimya wa mwalimu ni dhaifu pale mazingira aliyoyanyamazia yanapokuwa hayakuwapo.

Tena mapokeo yenyewe hayajawahi kuyaona maziwa kuwa chakula kisicho na doa. Yanayaweka katika kundi linaloitwa vigai, yaani vyakula vinavyochochea tamaa, pamoja na mtindi, samli, mafuta, sukari na vyakula vya kukaanga, na mara mbili kwa mwaka, kwa siku tisa kila mara, Washvetambara wengi hushika ayambil, ambayo ni kula mlo mmoja tu kwa siku wa nafaka na kunde zilizochemshwa bila hata kimoja cha vitu hivyo. Bibi wa Kigujarati aliyeshika ayambil tangu ujana wake amekwisha kuishi siku nyingi sana bila tone la maziwa, ingawa hajawahi kulisikia neno uvegani.

Kwa upande wa mapishi, ugumu wa kuacha maziwa hautofautiani kwa ukubwa tu bali kwa aina. Chukua kwanza kaju katli, kitamu cha korosho ambacho pengine ndicho kinachopendwa kuliko vyote wakati wa Diwali. Korosho mbichi kavu husagwa kwa vituo vifupi vifupi, kwa kuwa zikisagwa mno hutoa mafuta na kugeuka uji, kisha unga wake huchekechwa. Sukari, nusu ya uzito wa korosho, huchemshwa na maji kidogo hadi iwe shira ambayo, ikishikwa baina ya kidole gumba na cha shahada na vidole vikaachanishwa, huvuta uzi mmoja usiokatika. Unga hutiwa ndani na kusongwa kwa mwiko juu ya moto mdogo mpaka donge liache kugandamana na sufuria. Donge hukandwa lingali moto, husukumwa kama chapati na kukatwa mshazari. Katika kazi yote hiyo samli ni kijiko kimoja au viwili, tena aghalabu cha kupaka mikononi ili donge lisigande, na kijiko hicho kikibadilishwa kwa mafuta ya nazi hakuna mlaji atakayetambua. Korosho zenyewe huenda zimetoka Mtwara au Lindi, kwa kuwa Tanzania huuza sehemu kubwa ya korosho zake zikiwa ghafi kwa India na Vietnam, na neno kaju ni ndugu wa kanju la Kiswahili, yote mawili yakiwa yameletwa na Wareno pamoja na mbegu kutoka Brazil.

Lililokuwa tatizo zaidi ni kile kijikaratasi cha fedha kinachong'aa juu ya kila kipande, kiitwacho varakh. Kwa jadi kilipatikana kwa kugonga kipande cha fedha halisi kwa nyundo, kikiwa kimebanwa kati ya kurasa za ngozi au utumbo wa ng'ombe, na hivyo Mjaini asiyegusa kitunguu alikuwa akila kitu kilichopita katika machinjio, na hata kuzipamba sanamu za hekaluni kwa kitu hicho. Malalamiko ya miaka mingi yalizaa matunda mwaka 2016, serikali ya India ilipokataza matumizi ya vitu vya mnyama katika utengenezaji wake.

Vitamu vya mawa ni habari nyingine. Mawa ni maziwa yaliyochemshwa polepole hadi kubaki donge zito, na lita tano hutoa kilo moja hivi. Bila hayo hakuna peda, hakuna barfi ya kawaida, na gulab jamun hubaki andazi lililoloweshwa shira. Wapishi hujaribu tui zito la nazi, maziwa ya lozi au rojo ya korosho, nayo hufaa kwa kiasi, ingawa ladha ile ya maziwa yaliyoungua kidogo haiigiki. Magas, kashata laini ya unga wa dengu, husumbua kwa namna yake: unga hukaangwa kwa samli hadi unukie kama karanga, na samli ndiyo inayokishikilia kipande kisimeguke. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi joto 24 hivi, kwa hiyo magas iliyosimama vizuri London huanza kulegea ikiwekwa sebuleni Mombasa. Mafuta ya mgando ya viwandani yangeliondoa tatizo hilo, lakini aina zake za zamani zilikuwa na mafuta mabaya kwa moyo, na India ilishusha kikomo cha mafuta hayo mabaya hadi asilimia 2 mwaka 2022. Wapishi werevu wameachana na uigaji huo na kurudi kwenye vitamu ambavyo tangu asili havikuhitaji maziwa, kama vile chikki ya karanga au ufuta kwa sukari guru, ambayo kwa mla kashata haihitaji maelezo. Huo ndio uamuzi bora, kwani kitamu kizuri kisichoiga kitu huliwa kwa raha kuliko peda ya bandia inayoombewa radhi.

Mpishi wa Kijaini ana vikwazo ambavyo mvegani wa kawaida havijui. Diwali huangukia ndani ya chaturmas, miezi minne ya mvua ambamo watawa hawasafiri na wadudu huzaliana, na Washvetambara wanaoshika kanuni kwa ukali huacha katika kipindi hicho matunda makavu na jamii ya korosho, kwa hofu ya vidudu; kwao rojo ya korosho inayookoa peda ya mvegani ni mwiko mwingine. Mithai nazo zina umri: msimu wa mvua huhesabiwa siku 15, kiangazi 20 na baridi 30, na zikipita hapo haziliwi hata kama zinanukia vizuri. Kwa upande mwingine kuna sharti moja linalolegea lenyewe, nalo ni katazo la kuchanganya kunde na maziwa au mtindi usiopashwa moto, kwa imani kwamba mchanganyiko huo huzalisha viumbe papo hapo. Palipo na tui la nazi, katazo hilo halina pa kushika.

Kinachobaki kigumu kuliko jiko ni hekalu. Sanamu huoshwa kwa mchanganyiko wenye maziwa, taa huwashwa kwa samli, na katika minada ya Washvetambara, ambamo waumini hushindania heshima ya kuinua taa au kutekeleza ibada, dau hutajwa hadi leo kwa vipimo vya samli ingawa kinacholipwa ni fedha. Hekalu la Wajaini la Mombasa, lililokamilika mwaka 1963, na mengine yaliyojengwa baadaye na watu wa asili ya Halar, sehemu ya Gujarat walikotoka Waoshwal, jamii ya Wajaini wa Kenya, yamerithi taratibu hizo zote. Katika nchi za Magharibi baadhi ya waumini wametaka maji safi yatumike badala ya maziwa, na wazee hukasirika, pengine kwa sababu mtu huacha kula kitu kwa urahisi kuliko kuacha kukitoa sadaka.

Wenye kutafuta ushahidi wa kale wa sadaka isiyo na maziwa hawana haja ya kwenda mbali. Rishabhadeva, Tirthankara wa kwanza, husimuliwa kuwa alikaa zaidi ya mwaka mzima bila chakula kwa sababu hakuna aliyejua jinsi ya kumpa mtawa sadaka, mpaka mwana wa mfalme aliyeitwa Shreyansa alipommiminia mikononi kinywaji. Kila mwaka, katika siku ya Akshaya Tritiya, kati ya Aprili na Mei, waumini waliofunga siku moja baada ya nyingine kwa miezi 13 hukusanyika Hastinapur na Palitana kufungua saumu yao kwa kinywaji hicho hicho, nacho ni maji ya miwa.