Mganga wa mtoto mchanga haachi kusoma

Mtoto akizaliwa asilie, mkunga ana dakika 1 tu: amkaushe, amtie joto, amsugue mgongo, na asipovuta pumzi ampe hewa kwa mfuko na barakoa. Hapo hakuna nafasi ya kufungua kitabu.

Ndiyo maana Kenya ina kozi ya siku 5 iitwayo ETAT+. Madaktari, matabibu na wauguzi hufunzwa kumtambua mtoto aliye hatarini na kumtibu papo hapo, wakijizoeza kwa mwanasesere.

Lakini ujuzi usiotumiwa hufifia baada ya miezi michache, na aliyefunzwa huenda akahamishiwa wodi nyingine. Hapa Nyeri ina la kutufunza. Hospitali za Nyeri, Karatina, Kerugoya na Embu zimo katika mtandao ulioanza 2013 kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na watafiti wa KEMRI-Wellcome, mradi uliozaliwa kwetu Kilifi mwaka 1989. Mtoto akitoka wodini, taarifa za faili lake huingizwa kwenye kompyuta, kisha hospitali hupewa ripoti. Je, alipimwa uzito? Dozi ililingana na kilo zake? Kasoro ikionekana, huwa somo la wodi nzima.

Basi kaunti zetu za Pwani zinaponunua mashine za watoto njiti, zitenge pia saa na fedha za mazoezi ya mara kwa mara. Mashine bila mkono uliozoea haimwokoi mtoto.