Maji Yapitayo Njia ya Mchwa

Kaniha, kule Biharamulo, kichuguu ni sehemu ya shamba. Mkulima hulima hadi ubavuni mwake, akakizunguka na kuendelea. Mimi huvutwa zaidi na yaliyo chini: mapito ya mchwa, mashimo ya nyungunyungu, na mifereji inayobaki mizizi ya mti uliokatwa ikishaoza. Mvua kubwa ikinyesha, humo ndimo maji hukimbilia.

Udongo una matundu ya kila kipimo. Yale madogo yasiyoonekana kwa macho huyafyonza maji na kuyashika, kama utambi unavyoshika mafuta ya taa, na ndiyo maji yanayonywewa na mahindi na migomba. Tundu pana la milimita moja au zaidi halifyonzi kitu. Rasharasha ikinyesha siku nzima, laweza kubaki kavu. Huamka pale udongo wa pembeni unaposhiba, au mvua inapopiga hadi maji yakatuama juu ya ardhi na kufika mdomoni mwake. Hapo huyameza kwa kasi ya ajabu. Jean Poiseuille, daktari Mfaransa aliyechunguza mwendo wa damu, alionyesha katika miaka ya 1840 kwamba mrija ukiwa mpana mara 10, hupitisha maji mara 10,000. Basi tundu moja tu la mchwa hufanya kazi ya maelfu ya vitundu. Mwaka 1882, watafiti Lawes, Gilbert na Warington wa Rothamsted, Uingereza, walieleza jambo hilohilo: sehemu ya mvua ilitokea chini ya udongo mapema mno, kabla udongo wenyewe haujashiba.

Kwa shamba la mteremko hii ni neema, maana maji yaliyozama hayabebi udongo. Kulima kwa kupindua ardhi yote hukata mapito hayo. Matandazo huyalinda yasizibwe na tope, tena huwalisha wachimbaji wake.

Kisimani mambo hubadilika. Udongo huchuja kwa sababu maji hupenya polepole, na vijidudu hunaswa na kufa njiani. Maji yaliyopita kwenye tundu la mchwa hayakuchujwa. Zile mita 30 zinazoshauriwa mara nyingi kati ya choo cha shimo na kisima zina maana pale tu udongo unapopata muda wa kufanya kazi yake. Kwanza kagua ukingo na mfuniko wa kisima chako. Ikiwa ni vizima, na bado maji yanachafuka saa chache baada ya mvua kubwa, shuku kwamba kuna njia ya mkato chini ya ardhi. Hata yakirudi kuwa meupe, yachemshe, kwani kijidudu cha kuhara hakina rangi. Na choo kipya usikichimbe upande wa juu wa kisima, wala palipokuwa na kichuguu kilichosawazishwa: juu ni tambarare, lakini mapito yaweza kuwa bado yamo.