Tuutazame Pia Mguu wa Aliyetolewa Titi

Oktoba ni mwezi wa saratani ya matiti, na utepe wa waridi huonekana hata katika magwaride ya shule zetu. Ni wachache wajuao kwamba tarehe 13 ya mwezi uo huo, tangu mwaka wa 2014, imetengewa tatizo la damu kuganda mishipani. Nionavyo mimi, mambo haya mawili yana undugu kuliko tunavyodhani.

Saratani hii ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini Kenya. Mgonjwa akishapasuliwa, sisi jamaa hukitazama kidonda tu. Kikikauka, twamshukuru Mungu. Kumbe hatari nyingine yaweza kuwa inajijenga kimyakimya mguuni.

Wanafunzi wa udaktari hufundishwa mambo matatu yanayogandisha damu mishipani, nayo huitwa kwa jina la Rudolf Virchow, tabibu Mjerumani aliyezaliwa tarehe hiyo hiyo mwaka wa 1821: damu kwenda polepole, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda. Aliyepasuliwa kwa ajili ya saratani aweza kuwa nayo yote. Amelala siku kadhaa, kisu kimempitia, na saratani yenyewe huichochea damu igande. Armand Trousseau wa Paris alilieleza hili la mwisho mwaka wa 1865. La kusikitisha ni kwamba aliiona dalili hiyo katika mwili wake mwenyewe, akafa kwa saratani ya tumbo mwaka wa 1867.

Mwalimu mwenzangu alipotoka hospitalini, jamaa zake walimkataza hata kujichotea maji. Huruma hiyo naielewa, ila ndiyo iliyomlaza. Siku chache baadaye shavu la mguu mmoja likavimba, likawa na joto na maumivu. Shangazi yake akateleka maji amkande. Bahati njema jirani muuguzi alikuwapo, akamzuia: bonge la damu likisukumwa laweza kung'oka, likapitia moyoni na kuziba mshipa wa mapafu, mtu akakatika pumzi ghafla. Alirejeshwa hospitalini, akadungwa sindano za heparini, kisha vidonge kwa miezi kadhaa. Leo anafundisha hisabati.

Wala hatari haiishii wiki hizo za kwanza. Tamoksifeni, dawa ambayo wengi huimeza kwa miaka 5 au zaidi ili saratani isirudi, nayo huongeza kidogo uwezekano wa damu kuganda. Hiyo si sababu ya kuitupa, kwani faida yake ni kubwa. Ni sababu ya kumwambia daktari iwapo mgonjwa aliwahi kuvimba mguu kwa namna hiyo.

Karatasi aliyopewa mwenzangu siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani ilieleza, kwa Kiingereza, habari za nyuzi na bendeji. Ningependa iongezwe mistari miwili ya Kiswahili, ambayo hata yule shangazi angeisoma: atembee kila siku kadiri awezavyo, na mguu ukivimba, au pumzi zikimwishia, asikandwe, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.