Uzito wa sungura mzee

Uzito wa sungura mzee ni kipimo muhimu cha afya ya sungura wa kufugwa (Oryctolagus cuniculus). Sungura wa nyumbani huishi kwa kawaida miaka 8 hadi 12, na huhesabiwa kuwa mzee kuanzia miaka 5 au 6 hivi.

Sungura mzee anaweza kunenepa au kukonda. Hunenepa viungo vinapouma, kwa kuwa hutembea kidogo huku akila kama zamani. Akinenepa sana hushindwa kujipinda ili ale kinyesi chake laini, ambacho humpa protini na vitamini. Hukonda kwa kupungukiwa misuli, ugonjwa wa figo au ubovu wa meno. Meno ya sungura hukua maisha yote. Magego yasiposagika sawasawa huota ncha zinazochoma ulimi na mashavu.

Chakula kikuu ni nyasi kavu, zinazopaswa kuwapo muda wote, pamoja na majani mabichi na maji safi. Chakula cha vidonge hupunguzwa polepole kwa sungura mnene.

Manyoya huficha kukonda. Kwa hiyo sungura hupimwa kwa mizani kila wiki na kupapaswa mbavu: zinapaswa kusikika chini ya vidole bila kuwa na ncha kali.

Sungura hapunguzwi uzito kwa kushindishwa njaa. Asipokula kwa saa 12, matumbo yanaweza kuacha kufanya kazi, naye akafa. Daktari wa mifugo anapaswa kumwona siku hiyohiyo.