Unyayo Ukiwasha, Ni Fangasi

Kila ninapotoa mada, iwe chuoni au kwenye semina ya wafanyakazi, kuna mtu hunisubiri nje. Anaangaza kushoto na kulia, kisha anauliza lile lile: "Daktari, naiona 11:11 kila siku. Juzi nimekaa kituoni nawaza Canada, ikapita bodaboda, kijana kavaa fulana ya Toronto. Na unyayo wa kulia unaniwasha tangu Jumatatu. Hii si ishara ya safari?" Nimejibu kwa upole miaka mingi. Leo najibu kwa maandishi, ili atakayenisubiri tena nimpe gazeti.

Unyayo kwanza, maana huo hauna mjadala. Kiatu cha kufunika, soksi ya nailoni na joto la Dar es Salaam mara nyingi huzaa fangasi. Kagua katikati ya vidole, kisha nenda duka la dawa.

Sasa 11:11. Chukua simu inayoonyesha muda kwa mtindo wa saa 24. Kila saa ina dakika 60, na ndani yake kuna dakika moja tu ambayo namba za saa na za dakika zinafanana: 07:07, 08:08, 14:14, na kadhalika hadi 23:23. Kwa hiyo kila unapochungulia simu una nafasi 1 kati ya 60 ya kukutana na pacha. Anayechungulia mara 60 kwa siku, na wapo wanaozifikisha kabla ya chakula cha mchana, atakutana na pacha mara moja kwa siku kwa wastani, kila siku ya Mungu, bila malaika yeyote kuhusika. Na watu hawaishii kwenye pacha. Wanahesabu na 12:21 kwa kuwa inasomeka sawa mbele na nyuma, wanahesabu 12:34 kwa kuwa imepanda ngazi, wanahesabu tarehe ya kuzaliwa mama. Mtego ukipanuliwa hivyo, cha kushangaza ni siku itakayopita bila kunasa kitu. Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyewahi kunijibu: 11:11 ya asubuhi, kwa namna sisi wote tunavyotaja saa mtaani, ni saa tano na dakika kumi na moja. Huyo malaika wa safari za Waswahili anahesabu kuanzia usiku wa manane?

Kijana mmoja aliwahi kunifungulia simu ili anionyeshe ushahidi. Albamu nzima ya picha za skrini: 11:11, 11:11, 22:22, 11:11, na katikati yake picha ya gari kwenye foleni, bamba lina 777. Nikamwomba anionyeshe ile ya 10:47. Hakuelewa. Nikamwambia, siku ile ulipochungulia simu ukakuta 10:47, ulipiga picha? Akacheka, akaifunga simu. Kicheko kile kilikuwa na elimu zaidi kuliko mada yangu yote ya asubuhi. Ushahidi wa ishara siku zote huja hivi, kama matokeo ya mechi yanayotangaza mabao ya timu moja tu.

Fulana ya Toronto ina maelezo mafupi zaidi: huenda imetoka Canada kweli. Nguo zilizovaliwa huko husafirishwa kwa mabelo hadi Afrika Mashariki. Belo likikatwa kwenye masoko ya Karume au Gikomba hutoka fulana za timu za shule, za mbio za hisani, za miji ambayo muuzaji hawezi hata kuitamka, na kabla ya jioni ziko mgongoni mwa vijana wa bodaboda. Mwaka jana zilikuwepo vile vile. Hukuziona kwa sababu mwaka jana ulikuwa unawaza kiwanja Kigamboni, na bila shaka wakati huo kila ukuta wa mji ulikuwa umeandikwa "kiwanja kinauzwa". Mwanaisimu wa Marekani Arnold Zwicky aliitaja hali hii mwaka 2005 na kuiita udanganyifu wa marudio: jicho huchagua kile ambacho akili imekishika, halafu akili hukumbuka kile ambacho jicho limechagua, na mwenyewe unaapa kwamba dunia imebadilika tangu Jumatatu.

Najua swali linalofuata, maana nalo nimeulizwa: mbona mambo mengine ni ya ajabu mno kuwa bahati tu? Miaka ya 1980 mwanamke wa New Jersey, Marekani, alishinda bahati nasibu ya jimbo mara 2 ndani ya miezi 4. Magazeti yakaandika kuwa uwezekano wake ni 1 kati ya trilioni 17. Hesabu hiyo inamfaa mtu mmoja aliyetajwa mapema, akanunua tiketi 2 tu, moja kwa kila mchezo. Lakini yeye hakuna aliyemtaja mapema. Tulimjua baada ya kushinda. Wanatakwimu Stephen Samuels na George McCabe wa Chuo Kikuu cha Purdue wakauliza swali lenyewe: kuna uwezekano gani kwamba mtu yeyote, popote Marekani, atashinda mara 2? Ndani ya miezi 4 ni kama 1 kati ya 30. Ndani ya miaka 7, kutokea kunashinda kutotokea. Au acha Marekani, panda Coaster ya Mbagala yenye abiria 23. Uwezekano wa wawili kati yao kuzaliwa tarehe na mwezi mmoja ni asilimia 50.7. Watu hukataa kwa sababu kila mmoja anawaza tarehe yake tu, ilhali humo ndani kuna jozi 253 zinazoweza kulingana.

Yote haya ningeyavumilia kama yangeishia kwenye mshangao. Hayaishii hapo. Mtu akishaamini kuwa ishara zimekamilika na safari haiji, lazima apatikane wa kulaumiwa, na wa kulaumiwa yuko tayari: nyota. Nyota imefungwa, nyota imechafuliwa, nyota ameichukua shangazi.

Tazama nguzo ya umeme iliyo karibu na kituo chochote cha daladala. Karatasi imebandikwa kwa gundi ya unga, kona moja imechanwa na mshindani: mvuto wa mapenzi, kurudisha mali iliyopotea, cheo kazini, kusafisha nyota, safari za nje. Chini yake namba ya simu. Ukienda, malipo hupanda ngazi: kwanza ya kuangalia, kisha ya kuoga, kisha ya kuku, kisha ya kitu kinachoitwa kufungua mlango wa ubalozi. Mjini kuna toleo lenye mafuta, maji na chumvi, na pasipoti inayowekewa mikono. Kuna na toleo la suti na tai, ambalo tangu kitabu cha Rhonda Byrne cha mwaka 2006 kuhusu kuvuta mambo kwa fikra limekuwa biashara ya semina: bandika picha ya ndege ukutani, itazame kila asubuhi, ulimwengu utakuletea tiketi. Nayaweka kapu moja kwa makusudi, na wenye suti wakikasirika ni sawa.

Biashara hii inavyofanya kazi huhitaji shahada kuielewa. Chukua wateja 100 walioomba viza. Tuseme, kwa mfano tu, 30 kati yao wangepata hata kama wangebaki nyumbani wakicheza bao. Wote 100 wanaogeshwa. Thelathini wanapata, wanarudi na shukrani, wanarekodiwa ushuhuda. Sabini hawarudi. Nani atasimama mbele za watu kusema alilipa kuogeshwa majani kisha akanyimwa? Anayerudi kulalamika anaambiwa alivunja sharti: alimwambia mtu, alikula pweza, alipita njia panda. Mjanja zaidi hutoa hata dhamana: usipopata, fedha nakurudishia. Anarudisha za 70, anabaki na za 30, na hakuna alichofanya isipokuwa kuchemsha majani.

Kinachonichosha hasa ni kwamba sababu ya kunyimwa huwa imeandikwa. Nchi za Schengen hutoa fomu yenye visanduku: madhumuni ya safari hayakuthibitishwa, fedha za kujikimu hazikuonyeshwa, kuna shaka kama mwombaji ataondoka muda wake ukiisha, nyaraka ni za kughushi. Wamarekani, kwa viza ya matembezi, hukataa wengi kwa kifungu cha 214(b) cha sheria yao ya uhamiaji, maana yake mwombaji hakumridhisha ofisa kwamba atarudi kwao. Fomu ile ya Schengen nimeisoma juu mpaka chini. Haina kisanduku cha nyota. Nimeona watu wenye fomu hiyo mkononi, alama ya vema imewekwa wazi kwenye kisanduku cha fedha, wakaenda nayo kwa mganga kumwuliza kwa nini wamenyimwa.

Tuje kwenye ndoto yenyewe ya mchana, ambayo ndiyo inayolisha hayo yote. Ukimwomba mtu akusimulie safari anayoiwaza, simulizi huanzia Toronto. Theluji, koti refu, picha ya kwanza, ujumbe kwa binamu aliyemcheka. Haina foleni ya Uhamiaji, haina barua ya mwajiri, haina saa 9 za kusubiri uwanjani Addis Ababa na chupa ya maji iliyonyang'anywa. Ni safari ya ungo: unapanda uani usiku, unashuka uendako. Bibi zetu waliotusimulia habari za ungo walau walisema wazi kwamba ni uchawi.

Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia wa Kijerumani anayefundisha Chuo Kikuu cha New York, ameichunguza njozi ya aina hii tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Aliwafuatilia wahitimu wa Ujerumani waliokuwa wakitafuta kazi. Miaka 2 baadaye, wale waliojiona sana kichwani wakiwa wameshaajiriwa vizuri walikuwa wametuma maombi machache, wamepata kazi chache na mishahara midogo. Waliotarajia kufanikiwa kwa sababu walishawahi kufanikiwa walikuwa mbele. Kutarajia na kuota ni vitu viwili. Mwaka 2011, yeye na Heather Kappes walionyesha kwamba baada ya njozi tamu ya jambo lililokwisha kukamilika, namba ya juu ya shinikizo la damu hushuka. Mwili unalegea kwa kudhani kazi imekwisha. Kwa mtu mwenye presha huenda ni habari njema. Kwa anayetakiwa kuamka alfajiri kufuata cheti cha kuzaliwa, si njema hata kidogo.

Sisemi uache kuwaza. Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Harvard walipowauliza watu kwa simu, wakati wowote wakiwa macho, kwamba sasa hivi unawaza nini, waligundua kuwa akili ilikuwa imetoka kwenye shughuli iliyopo kwa asilimia 46.9 ya nyakati. Hiyo ndiyo akili, huwezi kuifunga kamba. Lakini chagua cha kuota. Lien Pham na Shelley Taylor, mwaka 1999, waliwaagiza baadhi ya wanafunzi wa chuo wajione wameshapata alama ya juu, wengine wajione wamekaa mezani wanasoma. Waliofaulu zaidi ni wa mezani. Na yule kijana wa albamu? Nilimwuliza kama ana pasipoti. Hana. Ameomba chuo, kazi, mwaliko wowote? Bado. Alikuwa anangoja ishara zikamilike.

Ya kufanya, haraka haraka, maana nafasi nimeimaliza kwa mganga. Kwa Mtanzania: namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na cheti cha kuzaliwa, kisha maombi ya pasipoti kwenye tovuti ya Uhamiaji, ada ni shilingi 150,000, nayo inadumu miaka 10. Masharti ya viza yasome kwenye tovuti ya ubalozi wenyewe, usiyatoe kwenye kundi la WhatsApp. Ulinyimwa? Rudi kwenye ile fomu, rekebisha kisanduku kilichowekewa alama, omba upya. Wakala anayekuhakikishia viza ni tapeli, mwache hapo hapo. Anayekupeleka kazi Uarabuni awe na kibali; ulizia TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, na kwa walio Kenya, Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Huna nauli ya Canada? Nairobi, Kampala na Lusaka zinafikika kwa basi bila viza, na mpaka wa kwanza utakufundisha mengi kuhusu fomu. Ukiota, malizia ndoto kwa kizuizi na siku: "Cheti sina; Jumatatu saa mbili asubuhi niko RITA kukifuata." Na kama 11:11 bado inakusumbua, andika kwa wiki 2 kila muda unaoukuta kwenye simu, na ile 10:47 nayo iandike.

Lipo moja lisilo na mzaha. Daktari wa akili wa Kijerumani Klaus Conrad aliandika mwaka 1958 jinsi skizofrenia inavyoanza kwa baadhi ya wagonjwa: kila kitu huanza kuwa na maana, na maana hiyo inamhusu mgonjwa mwenyewe. Mtu anayefurahia 11:11 kisha akaenda kula chakula chake hana ugonjwa. Lakini kama mdogo wako halali usiku, amejifungia na namba, ana hakika mtangazaji wa redio anamsema yeye, mpeleke kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa wiki hii hii. Tiba ipo, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianza mapema, kwa hiyo msianzie kwa msafisha nyota.